Milimita Isiyo na Mwenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Banda la Kusomea

Kabla ya kuanza

Banda ninalolieleza hapa limesimama, na watoto wanasomea chini yake. Mji ni wa pwani ya Tanzania. Jina lake, la shule na la kila aliyehusika nimeyaacha. Watu nitawataja kwa kazi zao: Msanifu, Injinia, Mwanaprogramu, Mwendeshaji wa mashine, Fundi seremala na Mshonaji wa maturubai. Mimi nilikuwa mratibu, na sehemu kubwa ya kosa nitakalolieleza ilikuwa yangu.

Ninawaandikia vijana wanaoingia kwenye usanifu wa kikokotozi. Kwa asiyeujua, ni ile kazi ya kubuni kwa kuandika kanuni: huchori mstari mmoja mmoja, unaiambia kompyuta jinsi umbo linavyozaliwa kutokana na vipimo fulani, na ukibadilisha kipimo kimoja umbo zima linajirekebisha. Kisha faili linakwenda moja kwa moja kwenye mashine ya CNC, ambayo inakata mbao kwa kufuata namba. Vyuoni mnafundishwa programu, na mnafundishwa vizuri. Lakini mtajikuta meza moja na watu ambao namba ileile ya 18 kwao ina maana tofauti, na hilo sijaona likifundishwa.

Usuli

Shule ya msingi ilikuwa na vitabu lakini haikuwa na mahali pa kuvisomea isipokuwa chini ya mti wa mkungu. Mfadhili alitoa fedha za banda la wazi, upana mita 6, urefu mita 9. Msanifu akaja na umbo ambalo sote tulilipenda mara moja: paa lenye tumbo, limevimba katikati kama tanga lililoshika upepo, likishuka taratibu kuelekea miisho yote miwili. Hakuna pao mbili zinazofanana. Kwa msumeno na futi kamba peke yake, kazi hiyo ingechukua miezi, ndiyo maana tukaingia kwenye njia ya kompyuta.

Muundo wenyewe ni rahisi kuuona ukishawahi kutazama jahazi likijengwa. Mbavu kubwa 13 zinavuka upana wa banda kwa umbo la tao. Fundi, ambaye ujana wake wote alijenga majahazi na baba yake, aliziita mataruma siku ya kwanza alipoona mchoro, na tangu hapo hakuna aliyeziita kwa jina jingine, hata ndani ya faili la kompyuta. Mataruma hayo yanashikwa na mistari 11 ya mbao nyembamba zinazokwenda kwa urefu, ambazo tuliziita fito. Kila taruma linapokutana na ufito, kila kimoja kimekatwa mfereji hadi nusu ya kina chake, kikaingia kwenye mwenzake. Mataruma 13 kwa fito 11 ni viungo 143.

Mbao zote zilikuwa plaiwudi ya milimita 18. Kwa sababu bodi ina urefu wa milimita 2440 tu na taruma ni refu kuliko hapo, kila taruma liliundwa kwa tabaka mbili zilizogundishwa, maungio ya tabaka moja yakiangukia katikati ya vipande vya tabaka la pili. Kwa hiyo unene wa taruma ulikuwa milimita 36. Kumbuka namba hiyo. Vipande vilikuwa 161 kwa jumla.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mtu wa fani moja, na si kwetu tu. Mwaka 2016, kwenye maonyesho ya usanifu majengo ya Venice, lilisimamishwa kuba la vipande 399 vya mawe ya chokaa bila saruji ya kuviunganisha. Nyuma yake walikuwa watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, wahandisi, na waashi wa mawe kutoka Texas. Hapa jirani, uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, una matao yaliyojengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa palepale uliochanganywa na saruji kidogo. Hesabu za matao yale zilifanywa na wataalamu, mikono iliyoyapandisha ilikuwa ya mafundi waliofundishwa palepale. Nilivitaja visa hivi viwili kwenye kikao chetu cha kwanza kwa fahari kubwa, kana kwamba kuwakusanya watu wa fani nyingi chumba kimoja ndiyo kazi yenyewe.

Watu na mipaka yao

Msanifu aliamua umbo. Injinia alikokotoa nguvu: uzito wa mbao, turubai, na zaidi ya yote upepo wa kusi, ambao kwa paa jepesi ndio adui mkubwa. Mwanaprogramu, binti aliyemaliza chuo miaka miwili nyuma, aliandika kanuni zilizogeuza umbo la Msanifu kuwa vipande 161 vyenye namba zake. Mwendeshaji alikuwa na karakana yenye mashine ya CNC, kazi yake ya kila siku ikiwa ni milango ya makabati na mabango ya maduka. Fundi na vijana wake wawili walikuwa wa kuunganisha. Mshonaji alikuwa wa mwisho. Yeye hushona maturubai ya malori.

Niliandika mkataba wa kila mmoja kwa uangalifu. Mipaka ilikuwa safi: Msanifu anakabidhi kwa Injinia, Injinia kwa Mwanaprogramu, naye kwa Mwendeshaji, naye kwa Fundi. Kila mmoja alikuwa na jukumu la kilicho chake, na kilichokuwa katikati ya wawili hakikuandikwa popote.

Mambo yalivyokwenda

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Mwanaprogramu alitengeneza jaribio dogo, kiungo kimoja cha taruma na ufito, likakatwa karakanani na kuingia vizuri kabisa. Tulilipitisha mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Kwenye kanuni zake alikuwa ameandika unene wa 18, akaongeza nafasi ya milimita 0.2 ili mbao ziingie bila kupigwa nyundo. Mfereji wa kupokea taruma la 36 ukawa 36.2.

Fundi alilishika lile jaribio, akaligeuza, akaweka kidole kwenye pembe za mfereji. Kila pembe ya ndani ilikuwa na kishimo kidogo cha duara.

"Binti, hapa ametafuna panya?"

Mwanaprogramu akacheka, akamweleza. Biti ya mashine, yaani kisu chake kinachozunguka, ni ya duara, kipenyo chake milimita 6, hivyo haiwezi kuacha pembe kali. Inaacha mviringo wa nusu kipenyo chake, milimita 3. Mbao yenye kona kali ikija kuingia, inagota kwenye mviringo ule kabla ya kufika mwisho. Ndiyo maana anaitoboa pembe kidogo zaidi ya mstari, kona ipate pa kulala.

"Mimi ningeipitisha patasi mara mbili ikaisha," Fundi akasema. "Lakini viungo mia na arobaini, pembe mbilimbili kila upande... Sawa. Panya wako ana akili." Kisha akauliza swali ambalo nililisikia kwa masikio yangu na sikulijibu: "Na bodi zote zitakuwa nene kama hii?"

Bodi zilinunuliwa kwa awamu mbili kwa sababu fedha zilikuja kwa awamu mbili. Za kwanza zilikuwa 24. Vipande vilivyotokana nazo vilikatwa bila tatizo, ukiacha siku moja umeme ulipokatika biti ikiwa ndani ya mbao, mashine ikapoteza sifuri yake, yaani mahali inapoanzia kupima, na bodi moja ikaharibika. Tabaka za mataruma saba ya kwanza zikagundishwa.

Katikati ya ukataji, Mwendeshaji aliona kitu kilichomtia shaka. Mifereji kwenye fito haikuwa na upana mmoja. Ya katikati ilikuwa 36.2, lakini kadiri alivyokwenda kwenye miisho ilizidi kupanuka, hadi karibu 40. Kwake ilionekana wazi kuwa faili lina kosa. Alifanya jambo sahihi: hakukata kwa kubahatisha, alipiga simu. Ila alimpigia Msanifu, kwa sababu jina la Msanifu ndilo lililokuwa juu ya michoro. Msanifu akatazama mchoro wake, ambamo taruma ni mstari mmoja na ufito ni mstari mmoja, akajibu kwa nia njema kwamba unene wa taruma ni uleule kila mahali, hivyo mifereji inapaswa kuwa sawa. Mwendeshaji akairekebisha yote ikawa 36.2.

Faili halikuwa na kosa. Paa lile limevimba, kwa hiyo karibu na miisho taruma halikutani na ufito kwa pembe mraba; linalala kidogo. Biti inashuka wima tu, haiwezi kukata ukuta wa mfereji kwa mshazari. Ili mbao iliyoinama ipite kwenye mfereji wenye kuta wima, mfereji lazima uwe mpana zaidi. Taruma la milimita 36 likiinama hadi digrii 80 kupitia ufito wa 18 linahitaji milimita 39.7 hivi. Mwanaprogramu aliikokotoa kiungo kwa kiungo, kwa usiku mwingi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza na hakuna sehemu ya faili inayoandikwa "kwa nini".

Awamu ya pili ya bodi, 17, ilikuja wakati mvua za vuli zimeanza. Duka lilikuwa lilelile na alama ya milimita 18 ilikuwa ileile. Zilikaa siku tisa kwenye kontena karakanani.

Siku ya kusimamisha tulialika walimu. Taruma la kwanza likasimama, la pili, la tatu. Ufito wa kwanza ukaingia, na mara moja Fundi akauchezesha kwa vidole viwili. Ulikuwa unayumba. Kiungo ambacho kwenye jaribio kilishikana barabara, hapa kilikuwa na mwanya ambao ungeweza kupitisha sarafu. Tulipofika taruma la nane, lililotoka kwenye bodi za awamu ya pili, mambo yakageuka: ufito haukuingia kabisa. Kijana mmoja akanyanyua nyundo ya mbao, akapiga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ufito ukapasuka kwenye mfereji, sauti kavu iliyonyamazisha uwanja mzima wa shule.

Kijana akainua nyundo tena. Fundi akamshika mkono.

"Acha. Mbao ikikukatalia mara tatu, ina jambo inasema."

Tulichopima

Fundi hakuwa na kalipa, kile chombo cha kupimia unene; Mwendeshaji alikuwa nayo mfukoni. Wakakaa chini kwenye nyasi wawili hao, wakapima vipande vyote vilivyokuwepo, mmoja akisoma na mwingine akiandika kwa penseli nyuma ya mchoro wa Msanifu. Ilichukua hadi magharibi.

Bodi za kwanza zilikuwa na unene wa takriban 17.4. Alama ya 18 ni jina la biashara zaidi kuliko kipimo. Baada ya kupigwa msasa kiwandani, bodi nyingi huwa pungufu. Tabaka mbili zikawa 34.8 ndani ya mfereji wa 36.2, yaani mwanya wa milimita 1.4. Bodi za pili, zilizokaa kwenye unyevu, zilikuwa 18.4. Tabaka mbili ni 36.8, na gundi ikaongeza kidogo juu yake. Haziingii kwenye 36.2 hata kwa maombi.

Lile jaribio letu zuri lilikuwa limekatwa kutoka kipande cha bodi iliyokuwa karakanani kwa kazi nyingine. Ilikuwa na 18.0 kamili.

Ndipo Mwendeshaji, kwa sauti ya chini, akaeleza kuhusu simu yake na mifereji ya miisho. Mwanaprogramu akaangalia fito zile, akaondoka kwenda kusimama pembeni ya darasa. Sikumfuata mara moja. Nilijua kwamba kama mtu alipaswa kuwaambia watu hawa wawili waongee wao kwa wao tangu mwanzo, ni mimi.

Maamuzi na sababu zake

Jioni ile kila fani ilikuwa na dawa yake. Msanifu alitaka tupake vanishi nene viungo vilivyolegea. Kijana wa Fundi alitaka kuvipiga randa vile vinene. Mwendeshaji alitaka kukata upya kila kitu kwa gharama nafuu. Injinia alitaka kila mtu anyamaze kwanza.

Alichosema Injinia ndicho kilichotuongoza. Kwenye hesabu zake alikichukulia kila kiungo kuwa kimeshikana, kwa sababu paa jepesi la namna hii halibebwi na uzito wake bali na ugumu wa viungo vyake dhidi ya upepo. Mwanya wa milimita 1.4 ni mdogo kwa macho. Lakini ukiwa nao kwenye viungo vingi, paa litayumba kila upepo ukivuma, na kila likiyumba mwanya unakula mbao na kupanuka. Vanishi isingetibu hilo. Kwa upande mwingine, kupiga randa taruma lenye tabaka mbili ni kuondoa ngozi ya juu ya plaiwudi, ambayo ni miongoni mwa tabaka zenye nyuzi zinazobeba nguvu kwa mwelekeo wa urefu. Randa ikakataliwa.

Tukaamua mambo matatu.

La kwanza: hakuna bodi inayokatwa kabla haijapimwa pande nne na katikati, na kipimo chake kuandikwa kwenye bodi yenyewe kwa kalamu ya wino. Mwanaprogramu akarekebisha kanuni zake ili unene usiwe namba moja ya mradi mzima, bali namba ya kila bodi. Kompyuta haioni tabu kufanya hivyo. Ndiyo sababu hasa ya kutumia njia hii. Tulikuwa na chombo kinachoweza kumshonea kila kipande nguo yake, na sisi tukakitumia kutoa sare.

La pili, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote: nafasi ya kiungo ikapewa mwenyewe, na mwenyewe akawa Fundi. Si Msanifu, si Mwanaprogramu. Hoja yangu ilikuwa kwamba kati yetu sote ni yeye peke yake anayekutana na mbao mbili zikiingiana. Tulifunga daftari la shule kwa kamba kwenye mguu wa mashine. Kila asubuhi Mwendeshaji anakata kiungo kimoja cha jaribio kutoka bodi ya siku hiyo. Fundi anakiingiza kwa mkono, kisha anaandika namba: ongeza 0.1, punguza 0.2, sawa. Mwanaprogramu analazimika kuifuata, na akiona haifai anakwenda kumwambia Fundi uso kwa uso, habadilishi kimyakimya.

Injinia aliuliza, kwa haki, kama tunampa mtu asiyesoma hesabu mamlaka juu ya kitu kinachoathiri hesabu. Fundi akamjibu kwa kumweleza kalafati. Kwenye jahazi, akasema, hatujifanyi kwamba ubao utagusana na ubao. Tunaacha nafasi tukijua, tunaijaza pamba iliyolowekwa mafuta, tunaigandamiza hadi ishike, na chini ya maji tunapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Chombo kinachovuja si kile chenye nafasi. Ni kile ambacho nafasi yake hakuna aliyeipanga. Injinia akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kwa viungo vilivyolegea, mzee, tuvikalafati." Na ndivyo ilivyokuwa: kwa mataruma saba ya kwanza, ambayo hatukuwa na fedha ya kuyakata upya, Fundi alichonga kabari nyembamba za mti mgumu, akazipaka gundi na kuzigonga kwenye mianya kutoka pande mbili. Injinia alitengeneza kiungo kimoja cha namna hiyo, akakining'iniza mifuko ya saruji, akakiacha siku tatu. Hakikusogea.

La tatu: fito za miisho zenye mifereji iliyosawazishwa kimakosa zikakatwa upya zote. Hapakuwa na njia ya mkato. Msanifu alijitolea kulipa bodi mbili kutoka mfukoni. Sikumwomba. Nilimheshimu zaidi tangu siku hiyo.

Matokeo

Banda lilikamilika wiki tano baada ya tarehe ya mkataba. Tulitumia bodi 11 zaidi ya 41 tulizopanga. Mfadhili alikubali nusu ya nyongeza. Nusu iliyobaki tuligawana.

Mshonaji alikuwa amepelekewa faili la umbo la turubai tangu mwezi wa kwanza, na alilirudisha bila kulifungua. Alisema atapima banda likishasimama. Wakati ule nilimwona mkaidi. Alikuja na kamba na chaki, akapima siku nzima, akashona turubai likakaa kwenye mgongo wa paa bila kunjo hata moja. Umbo lililosimama lilikuwa limetofautiana na la kwenye kompyuta kwa sentimita kadhaa upande wa mashariki, kwa ajili ya zile kabari. Faili letu lingemfanya ashone nguo ya mtu mwingine.

Kusi la kwanza lilipita na paa halikuyumba. Mwaka wa pili, hata hivyo, fito mbili za ukingoni upande unaopigwa na mvua zilianza kufunguka tabaka. Hilo nalo lilitoka katikati ya fani mbili. Fundi rangi, ambaye nilimwajiri dakika za mwisho na sikumkaribisha kikaoni hata mara moja, alipaka vanishi nyuso za mbao lakini hakupaka ndani ya mifereji. Nilipomuuliza, alisema aliambiwa na vijana asiguse mifereji kwa sababu vanishi inaongeza unene na mbao zitagoma. Walimwambia kweli: tabaka tatu kila upande huongeza robo milimita hivi. Lakini kingo zilizokatwa za plaiwudi ndipo maji yanapoingia, na mfereji ni kingo tupu. Tiba ilikuwa nyepesi: kuingiza unene wa vanishi kwenye kanuni, kisha kupaka kabla ya kuunganisha. Tulikuwa na daftari la nafasi likining'inia pale pale, na hatukumwonesha mtu aliyeleta kimiminika chenye unene. Fito hizo zimebadilishwa.

Uchambuzi

Ukiangalia kisa hiki kwa jicho la kutafuta mkosaji, humpati kwa urahisi. Mwanaprogramu alikokotoa sahihi. Mwendeshaji aliuliza kabla ya kukata. Msanifu alijibu kilicho kweli kwenye mchoro wake. Duka liliuza bodi za 18 kama zinavyouzwa kila mahali. Injinia alichukulia viungo vimeshikana, kama vitabu vinavyomruhusu. Kila fani ilikuwa na usahihi wake ndani ya ua wake, na banda likapasuka kwenye njia zinazopita kati ya nyua.

Nimefikiri sana kuhusu ile simu. Tunahimizana kila siku, ukiwa na shaka uliza. Mwendeshaji aliuliza, na swali lake ndilo lililoleta madhara, kwa sababu mfuatano niliouandika kwenye mikataba ulimfundisha kwamba wa kuulizwa ni mkubwa wa michoro. Hakuwa hata na namba ya simu ya Mwanaprogramu. Leo, kwenye kila mradi, jambo la kwanza ninalofanya ni kuwakutanisha watu wawili wanaopokezana faili, wakae pamoja nusu siku bila mimi, na yule anayetoa amweleze anayepokea vitu vitatu ndani ya faili vitakavyoonekana kama makosa lakini si makosa. Zoezi hili limetuokoa mara nyingi kuliko hesabu yoyote.

Jaribio lilitudanganya, na hapa nataka wanafunzi wasimame. Kujaribu kulikuwa uamuzi mzuri. Kujaribu kwa bodi ambayo haitatumika kwenye kazi hakukuthibitisha lolote kuhusu kazi. Tulipima kanuni, tukadhani tumepima mbao. Fundi aliliona siku ileile, akauliza swali lake, na swali likaanguka chini kwa kuwa lilitoka kwa mtu ambaye kwenye orodha yangu zamu yake ilikuwa bado wiki sita mbele. Angekuwa injinia ndiye aliyeuliza, ningeandika kwenye kumbukumbu za kikao. Naliandika hapa kwa kuwa najua si mimi peke yangu ninayesikia swali kwa kutazama kwanza limetoka kwa nani.

Kilichofanya kazi vizuri ni daftari. Wengine wameniuliza kwa nini hatukutumia jedwali la mtandaoni. Kwa sababu Fundi aliandika kwa penseli akiwa amesimama na vumbi mikononi, na Mwendeshaji alisoma bila kuvua glavu. Mahali pa kuandikia pawe pale mikono ilipo. Kwenye kurasa zile kuna mwandiko wa watu watatu tu, wa nne haukuwahi kuingia, na wa nne ndiye fundi rangi. Ukisoma daftari leo unaona pengo lake kabla hujaziona zile fito zilizooza.

Kuhusu mamlaka ya Fundi, bado kuna wenzangu wanaopinga. Wanasema nafasi ya kiungo ni jambo la hesabu, na anayejua hesabu ndiye wa kuamua. Ninawaelewa, na kwa jengo la ghorofa nisingefanya hivyo. Lakini hapa hesabu haikuondolewa: Injinia alitoa mipaka, mwanya usizidi nusu milimita, na mbao isiingizwe kwa zaidi ya kugongwa kwa kiganja. Ndani ya mipaka hiyo, aliyejua mbao ya leo asubuhi imekunywa unyevu kiasi gani ni mzee aliyeishika. Kuna siku aliandika "punguza 0.1, jua limetoka". Mwanaprogramu alidhani ni mzaha. Akapima bodi zilizoanikwa tangu jana yake, zilikuwa zimepungua.

Daftari lile analo Mwanaprogramu sasa. Yuko kwenye mradi mwingine, wa madawati ya kukunja, na nilipomtembelea karakanani nililikuta limefungwa kwa kamba ileile kwenye mguu wa mashine, kurasa mpya zimeanza. Safari hii lina safu nne. Ya nne ameiandikia "Rangi".